Herufi za pamoja katika maneno mawili: kitanzi, seti, jedwali, kupanga au biti?

Matondoni na Kipungani ni vijiji viwili vya kisiwa cha Lamu. Kimoja kinajulikana kwa mafundi wake wa majahazi, cha pili kwa ususi wa mikeka na vikapu. Iulize kompyuta majina haya mawili yana herufi ngapi za pamoja. Programu ya kwanza itajibu saba, ya pili tatu, ya tatu nne. Hakuna hata moja iliyoharibika. Kila moja imefanya kile ilichoagizwa na mwandishi wake.

Hapo ndipo wengi wanaojifunza kuandika programu hukwama. Zoezi lenyewe ni dogo: pokea maneno mawili, toa herufi zilizomo katika yote mawili. Lakini huyu atakuonyesha kitanzi (maagizo yanayorudiwa) ndani ya kitanzi, yule atakwambia seti inamaliza kazi kwa mstari mmoja, na mwingine atasema upange herufi kwanza. Ukiwa bado mgeni katika fani hujui umfuate nani, wala kwa nini majibu yao hayalingani.

Hapa nimezilinganisha njia tano. Mifano ni ya Python, ila fikra zake zinahamia lugha yoyote ya kuandikia programu. Nalijali jambo hili kwa sababu ya Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Panapo macho, Kiamu husema mato; panapo kichwa, kitwa; panapo mchele, mtele; panapo njia, ndia; panapo moja, moya. Anayekusanya maneno ya wazee wa Lamu na kutaka kuyapanga kando ya Kiswahili sanifu hahitaji mitambo mikubwa ili aanze. Programu ndogo ya herufi za pamoja inaweza kumwonyesha jozi za kuangaliwa kwanza, mradi awe ameichagua njia kwa kujua inahesabu nini.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni swali ambalo njia inalijibu. Herufi n imo mara mbili katika Matondoni na mara mbili katika Kipungani. Je, hiyo ni herufi moja ya pamoja au mbili? Yote mawili yanakubalika, lakini si swali moja. Kigezo hiki ni kizito kuliko vingine vyote, na ningemsihi kila mwanafunzi akiamue kwa kalamu na karatasi kabla hajagusa kibodi.

Cha pili ni mwendo. Kwa maneno mawili tu huwezi kuona tofauti yoyote, hata kwenye kompyuta kuukuu. Ukiwa na maneno 1,000 na unataka kulinganisha kila moja na kila jingine, unapata jozi 499,500. Hapo mwendo huanza kuhesabika.

Cha tatu ni usomekaji: je, mwenzako akiufungua msimbo wako, yaani maagizo ya programu uliyoyaandika, mwakani ataelewa unafanya nini bila wewe kuwepo?

Cha nne ni jinsi njia inavyovumilia Kiswahili kama kinavyoandikwa hasa, pamoja na herufi kubwa, ng' yenye ritifaa, vistari na nafasi. Maelezo mengi ya zoezi hili yameandikwa kwa kufikiria Kiingereza, ndiyo maana kigezo hiki husahaulika.

Kusafisha maneno, kazi ya njia zote

Chukua Lamu na Malindi. Kwa jicho tunaziona l, a na m katika majina yote mawili. Kompyuta ikipewa majina hayo kama yalivyo itapata a peke yake, kwa kuwa kwake L kubwa na l ndogo ni alama mbili zisizohusiana, na M na m vilevile. Kwa hiyo hatua ya mwanzo, njia yoyote utakayochagua, ni `neno.lower()`, inayogeuza herufi zote ziwe ndogo. Ongeza `strip()` ili kuondoa nafasi zilizojificha mwanzoni na mwishoni, hasa kama maneno yametoka kwenye jedwali lililojazwa na watu mbalimbali.

Ritifaa ina shida yake. Kwenye simu, mtu akiandika ng'ombe, mara nyingi kibodi humbadilishia ritifaa iliyonyooka ikawa iliyopinda. Machoni pa msomaji ni kitu kile kile, lakini kwa kompyuta ni alama mbili zenye nambari tofauti. Geuza zote ziwe za aina moja kabla ya kulinganisha: `neno.replace("’", "'")`.

Kisha kuna ch, na hapa tusiende mbio. Katika Kiswahili, c haisimami peke yake. Huja na h daima. Ukilinganisha mato na macho herufi kwa herufi, unapata m, a, o za pamoja, halafu t inabaki upande mmoja na c na h zinabaki upande wa pili. Inaonekana kana kwamba tofauti ni herufi tatu, ilhali msemaji wa Kiamu na msemaji wa Kiswahili sanifu wamebadilishana sauti moja tu, t kwa ch. Ubaya mwingine ni kwamba h ya ch inaweza kuhesabiwa kuwa sawa na h ya hewa au ya sh, mambo ambayo hayana uhusiano. Kwa kazi ya lugha, kata neno katika vipande badala ya herufi moja moja:

```
import re

def vipande(neno):
    return re.findall(r"ng'|ch|dh|gh|kh|ny|sh|th|[a-z]", neno)
```

Mpangilio ndani ya mabano una maana yake. Kompyuta hujaribu kutoka kushoto, kwa hiyo ng' lazima itangulie herufi moja moja. La sivyo n na g zitachukuliwa kando kando na ritifaa itaachwa. Mimi huiacha ng isiyo na ritifaa, kama ya Kipungani, iwe herufi mbili. Anayechunguza sauti kwa undani anaweza kuamua vingine, ila aandike uamuzi wake mahali wenzake watauona.

Kwa mchezo wa maneno au zoezi la darasani huhitaji yote haya. Herufi ndogo na ritifaa sahihi zinatosha.

Sasa njia zenyewe. Katika mifano yote, `neno1` ni "matondoni" na `neno2` ni "kipungani".

Njia ya 1: Kitanzi ndani ya kitanzi

```
for a in neno1:
    for b in neno2:
        if a == b:
            print(a)
```

*Swali inalojibu.* Ni jozi ngapi za herufi zilizolingana, si herufi ngapi za pamoja. Hapa ndipo saba ilipotoka. Herufi a inakutana na a mara moja. Kila n ya Matondoni inakutana na n zote mbili za Kipungani, ndizo nne. Na i moja ya Matondoni inakutana na i mbili za Kipungani. Moja na nne na mbili ni saba. Mwanafunzi akiona n imechapishwa mara nne hudhani kitanzi kimekosea kuzunguka, naye huhangaika kutafuta kosa kwenye mistari ambayo haina kosa.

Ukitaka herufi ikishatumika isitumike tena, iondoe:

```
zilizobaki = list(neno2)
pamoja = []
for h in neno1:
    if h in zilizobaki:
        pamoja.append(h)
        zilizobaki.remove(h)
```

Sasa jibu ni a, n, n, i: herufi nne, tena zikifuata mpangilio wa neno la kwanza. Sifa hiyo ya kutunza mpangilio wa neno la kwanza ni nzuri kwa michezo ambapo mchezaji anaziona herufi zikiwaka moja baada ya nyingine.

*Mwendo.* Herufi tisa kwa tisa ni ulinganishaji 81. Toleo la pili linaonekana fupi, lakini `in` na `remove` nazo zinapita kwenye orodha kimya kimya, kwa hiyo kitanzi cha ndani bado kipo. Kwa maneno ya kawaida hili halina uzito. Kwa aya ndefu au matini nzima, kazi huongezeka haraka: urefu wa kila upande ukizidishwa mara kumi, ulinganishaji huzidishwa mara mia.

*Usomekaji.* Hakuna inayoishinda kwa anayeanza. Kila hatua inaonekana, na unaweza kuifuata kwa kidole kwenye karatasi.

*Kiswahili.* Haichagui alama. Mpe herufi, ritifaa au orodha ya vipande, itafanya kazi bila kubadilisha mstari.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza vitanzi kwa mara ya kwanza, na mwalimu anayetaka wanafunzi waone kompyuta inavyopita kwenye neno. Ningeifundisha kabla ya nyingine zote, kwa sababu aliyeanza na seti hajui seti imemfichia nini.

Njia ya 2: Seti

```
pamoja = set(neno1) & set(neno2)
print(sorted(pamoja))
```

*Swali inalojibu.* Ni herufi zipi, bila kujali ni mara ngapi. Jibu ni a, i, n: tatu. Seti ni ile ile ya hisabati ya shuleni, isiyoweka kitu kimoja mara mbili, na alama ya & inatafuta makutano yake.

*Mwendo.* Inapita kila neno mara moja tu, kisha inatazama herufi ya seti moja kama imo katika nyingine, jambo ambalo kompyuta hulifanya upesi bila kupitia seti yote. Neno likirefuka mara kumi, kazi nayo huongezeka kama mara kumi.

*Usomekaji.* Mstari mmoja, na maana yake iko wazi kwa anayejua seti. Nimeweka `sorted` kwa makusudi. Seti haina mpangilio, na Python kuanzia toleo la 3.3 huchanganya hesabu yake ya ndani ya maandishi kila programu inapowashwa. Bila kupanga, leo unaweza kuona n, a, i na kesho i, n, a kwa maneno yale yale, na mwanafunzi akadhani programu yake ina hitilafu.

*Kiswahili.* Inapokea chochote: vipande, ritifaa, hata hati ya Kiarabu. Hili la mwisho si dogo kwa Lamu, ambako maandishi mengi ya zamani ya Kiswahili yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kuna tahadhari mbili. Irabu zinazowekwa juu na chini ya herufi huhesabiwa kama alama zinazojitegemea, kwa hiyo amua kama unazitaka. Na baadhi ya mafaili ya zamani yametumia umbo la herufi ya mwanzo, ya kati na ya mwisho kama alama tofauti, `unicodedata.normalize("NFKC", neno)` inazirudisha kwenye herufi moja.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua upesi kama maneno mawili yana uhusiano wowote wa herufi, na anayepanga jozi za maneno kwa ukaribu. Hapa naongeza jambo ambalo wengi huliacha: idadi tupu hudanganya, kwa kuwa maneno marefu hushirikiana herufi nyingi hata bila uhusiano. Gawa idadi ya herufi za pamoja kwa idadi ya herufi zote tofauti zilizomo katika maneno hayo mawili. Kipimo hiki huitwa kwa jina la Paul Jaccard, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, aliyekitumia kulinganisha mimea ya sehemu mbalimbali mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mato na macho, herufi za pamoja ni tatu na zote ni sita, yaani 0.5. Ukitumia vipande, ambapo ch ni kitu kimoja, za pamoja ni tatu na zote ni tano, yaani 0.6. Vipande vimeyasogeza maneno hayo karibu zaidi, na msikilizaji yeyote wa Lamu angekubali kwamba ndivyo yalivyo.

Udhaifu wa seti unaonekana kwenye mchele na mtele. Herufi e imo mara mbili katika yote mawili, nayo seti inaisoma mara moja. Neno lenye e moja na lenye e tatu ni sawa kwake.

Njia ya 3: Jedwali la hesabu

```
def hesabu(neno):
    jedwali = {}
    for h in neno:
        jedwali[h] = jedwali.get(h, 0) + 1
    return jedwali

j1 = hesabu(neno1)
j2 = hesabu(neno2)
for h in j1:
    if h in j2:
        print(h, min(j1[h], j2[h]))
```

*Swali inalojibu.* Ni herufi zipi, na kila moja mara ngapi. Inatoa a mara moja, n mara mbili, i mara moja: nne kwa jumla. Kazi yote imo katika `min`. Ikiwa neno moja lina i mbili na jingine lina moja, kinachoshirikiwa ni moja.

Lifikirie kama bao ambalo kila herufi ina shimo lake. Unapita kwenye neno ukidondosha kete moja katika shimo la kila herufi, unafanya vivyo kwa neno la pili kwenye bao la pili, kisha unatazama mashimo yanayolingana na kuchukua idadi ndogo.

*Mwendo.* Sawa na seti kwa daraja: kila neno linapitiwa mara moja.

*Usomekaji.* Msimbo ni mrefu kidogo, lakini kila mstari una kazi inayoelezeka. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini jibu ni nne unaweza kumchapishia majedwali yote mawili akajionea.

*Kiswahili.* Toleo la juu linatumia kamusi ya Python, yaani jedwali linaloweka kila alama pamoja na hesabu yake, hivyo linapokea vipande na alama zozote. Lakini kuna toleo jingine linalopendwa kwenye vitabu, la orodha ya nafasi 26, ambapo nafasi ya herufi hupatikana kwa `ord(h) - ord("a")`, `ord` ikitoa nambari ya alama ndani ya kompyuta. Toleo hilo lina mtego ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu.

Ukilipa ng'ombe, ritifaa inatoa nafasi ya -58, haipo katika orodha, na programu inasimama kwa hitilafu. Hiyo ni heri, kwa sababu umejua. Ukilipa Lamu yenye L kubwa, L inatoa -21. Python inaruhusu nafasi hasi na kuzihesabu kutoka mwisho wa orodha, kwa hiyo -21 inaangukia nafasi ya f. Programu haisimami na haisemi lolote. Imekuhesabia f katika Lamu. M kubwa ya Malindi nayo inaangukia g. Herufi kubwa A hadi F zinasimamisha programu, G hadi Z zinapita kimya na kuharibu hesabu. Majina ya mahali huanza kwa herufi kubwa, na majina mengi ya pwani yetu huanza kwa herufi zilizo baada ya F: Lamu, Malindi, Manda, Pate, Siyu, Shela, Watamu. Anayetaka toleo la nafasi 26 lazima asafishe maneno kwanza, na aache kabisa wazo la vipande.

*Inamfaa nani.* Mtunzi wa michezo ya herufi, ambapo mchezaji mwenye n moja hawezi kuunda neno lenye n mbili. Inamfaa pia mkusanyaji wa maneno anayejali marudio. Kama ungenilazimisha kubaki na njia moja kwa kazi zangu za Kiamu, ningebaki na hii ya kamusi, lakini kazi zako huenda si hizo.

Njia ya 4: Kupanga, kisha vidole viwili

Panga herufi za kila neno kwa alfabeti. Matondoni inakuwa a d i m n n o o t. Kipungani inakuwa a g i i k n n p u. Weka kidole mwanzoni mwa kila mstari. Herufi zikilingana, ziandike na usogeze vidole vyote viwili. Zisipolingana, sogeza kidole kilicho kwenye herufi inayotangulia katika alfabeti. Kidole kimoja kikifika mwisho, umemaliza.

```
a, b = sorted(neno1), sorted(neno2)
i = j = 0
while i < len(a) and j < len(b):
    if a[i] == b[j]:
        print(a[i])
        i += 1
        j += 1
    elif a[i] < b[j]:
        i += 1
    else:
        j += 1
```

*Swali inalojibu.* Lile lile la jedwali: a, i, n, n, nne.

*Mwendo.* Kwa mfano huu inachukua hatua 13 badala ya 81. Kupanga nako kuna gharama yake, ndiyo maana jedwali huishinda kidogo neno linapokuwa refu sana.

*Usomekaji.* Wastani. Vigeu viwili, i na j, vinavyosogea kwa zamu huwachanganya wanaoanza, na kusahau kusogeza kimoja kunaweza kuleta kitanzi kisichokwisha. Lakini anayeifahamu amepata fikra atakayoikuta tena akiunganisha orodha mbili zilizopangwa.

*Kiswahili.* Inapokea vipande, maana orodha ya vipande hupangika kama orodha ya herufi.

*Inamfaa nani.* Hapa pana jambo zuri sana. Neno likishapangwa, umbo lake lililopangwa ni kama ufunguo. Lima, mali, mila, imla na lami yote yakipangwa yanatoa ailm. Ukitaka kukusanya maneno yanayoundwa kwa herufi zile zile kutoka orodha ndefu, huhitaji kulinganisha jozi yoyote: panga kila neno mara moja, kisha weka pamoja yenye ufunguo mmoja. Walimu wa Kiswahili wanaotunga mafumbo ya maneno wangepaswa kuijua njia hii hata kama hawapendi kompyuta.

Njia ya 5: Biti

Kila herufi ya alfabeti inapewa biti moja, yaani nafasi moja ya 0 au 1 katika nambari iliyoandikwa kwa msingi wa mbili: a ni 1, b ni 2, c ni 4, na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili. Lamu inakuwa 1,054,721, Malindi inakuwa 14,601. Alama ya & kati ya nambari hizo inatoa 6,145, ambayo ni 1 na 2,048 na 4,096, yaani a, l na m.

*Swali inalojibu* ni lile la seti. *Mwendo* wake hauna mshindani pale ambapo maneno ni mengi: unageuza kila neno kuwa nambari mara moja tu, na baada ya hapo kila jozi ni tendo moja la &. *Usomekaji* ni mgumu kwa asiyezoea hesabu za msingi wa mbili. *Kwa Kiswahili* inakubana kwenye herufi a hadi z. Vipande kama ch na ng' vinahitaji kupewa biti zao kwa mkono, jambo linalowezekana kwa kuwa ni vichache. Herufi kubwa ikipenya, Python husimama na kukataa kusogeza biti kwa idadi hasi, na hilo ni salama kuliko ukimya wa jedwali la nafasi 26. *Inamfaa* mwenye orodha kubwa na subira ya kuandika maelezo kando ya msimbo.

Uchague ipi, kwa hali yako

Ikiwa ndiyo wiki yako ya kwanza na vitanzi, andika njia ya 1, iache itoe saba, kisha eleza kwa maneno yako saba hiyo imetoka wapi. Usiruke hapo kwenda kwenye seti mpaka uweze kueleza.

Ikiwa umeulizwa tu kama maneno mawili yanashiriki herufi yoyote, au unataka orodha ya herufi hizo bila marudio, tumia seti na uichapishe ikiwa imepangwa.

Ikiwa marudio yana maana, kama katika mchezo wa vigae vya herufi, tumia jedwali la kamusi. Ikiwa mchezo huo unaonyesha herufi kwa mpangilio wa neno la mchezaji, toleo la pili la kitanzi litakupa hilo bila jasho, na kwa maneno ya herufi tisa au kumi mwendo wake unatosha.

Ikiwa unatafuta maneno ya herufi zile zile katika orodha ndefu, panga na utumie ufunguo. Ikiwa orodha ina maelfu na unataka kila jozi, geuza kuwa biti, uchuje jozi zenye herufi nyingi za pamoja, kisha zipitishe hizo chache kwenye jedwali la hesabu. Njia mbili zikifuatana hivyo husaidiana vizuri.

Ikiwa unalinganisha Kiamu na Kiswahili sanifu, au lahaja za jirani kama Kitikuu, Kisiyu na Kipate, kata vipande kwanza, halafu tumia seti yenye kipimo cha Jaccard au jedwali. Matokeo uyapeleke kwa wasemaji, kwa kuwa programu itakuwekea pamoja maneno yaliyokutana kwa bahati tu.

Na ikiwa lengo lako ni kusahihisha majina yaliyokosewa, mathalani Matodoni iliyoandikwa badala ya Matondoni, hakuna hata moja kati ya hizi tano inayokufaa peke yake, maana zote hupuuza mahali herufi ilipo. Kwazo mali na lima ni kitu kimoja. Unachohitaji ni umbali wa Levenshtein, ulioelezwa na Vladimir Levenshtein mwaka 1965, unaohesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja ligeuke jingine. Kutoka Matodoni hadi Matondoni ni moja.